Beryl Markham na ndege ya mkia chini

Hapa Salamabila ndege ndogo si kitu cha kushangaza. Kiwanja cha Namoya kimepokea ndege za kampuni ya dhahabu, na watoto wa kandokando ya mgodi wanatambua sauti ya moteri kabla mashini yenyewe haijaonekana. Mvua ikiharibu barabara ya Kasongo, motari akilala njiani siku mbili na matope mpaka magotini, watu hutazama juu na kusema kwamba wenye ndege wamebarikiwa. Wachache hujiuliza ndege ile inatunzwa na nani, na mtu anaanzia wapi kujifunza kuiendesha.

Maisha ya Beryl Markham yanajibu maswali hayo mawili kwa pamoja. Alikuwa muzungu, binti wa mkoloni aliyekuja kulima Kenya, na alikufa Nairobi mwaka wa 1986. Dunia inamkumbuka juu ya safari moja tu, ile ya saa 21 peke yake juu ya bahari ya Atlantiki. Lakini safari hiyo ilitanguliwa na miaka mitano ya kazi ndogondogo zisizo na sifa: kuchuja esansi, kusafisha buji, kukaza nyaya za mabawa, kutua kwenye majani marefu mahali ambapo hakuna kiwanja. Bila miaka ile mitano, pengine asingefika.

Wakati Beryl alipokuwa mtoto, anga ya upande huu wa Afrika ilikuwa ya ndege wenye manyoya tu. Mwaka wa 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walileta ndege za kutua majini kwenye ziwa Tanganyika, wakaziweka Mtoa, karibu na Kalemie ya leo, na kwenda kupiga Wajerumani kule Kigoma. Mwaka wa 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliruka kutoka Brussels mpaka Léopoldville, yaani Kinshasa, na safari ile iliwachukua siku 51. Siku nyingi kati ya hizo hazikuwa za kuruka. Zilikuwa za kukaa chini, kutengeneza na kungoja.

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, jina la baba yake likiwa Clutterbuck. Akiwa na miaka kama minne hivi, familia ilihamia Kenya. Baba alichukua shamba huko Njoro, kwenye bonde la Ufa, akaanza kufuga farasi wa mashindano na kusaga nafaka. Mama hakuvumilia maisha yale, akarudi kwao Uingereza na kumwacha msichana mdogo na baba yake. Basi mtoto akalelewa nusu na baba, nusu na watu wa shamba. Alicheza na watoto wa Kinandi na Kipsigis, alikwenda nao porini kuwinda na mkuki, na Kiswahili kilikuwa kinywani mwake tangu utoto. Mwenzake wa karibu alikuwa kijana aliyeitwa Kibii, ambaye alipofika utu uzima alijulikana kama arap Ruta. Jina hilo lifaa kukumbukwa, maana litarudi.

Ukame ulipomfilisi baba na kumfanya aende kutafuta maisha Peru, Beryl alibaki Kenya akiwa bado kijana. Alichukua permi ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi ambayo wakati ule ilikuwa ya wanaume, na farasi zake zikashinda. Hapo ndipo alipojifunza kusikiliza. Farasi hasemi kwamba mguu unauma. Mtu anayemtunza anapitisha mkono, anasikia joto, anaona hatua moja fupi kuliko nyingine. Baadaye, kwenye moteri, alifanya vilevile.

Aliyempeleka angani ni Tom Campbell Black, Mwingereza aliyesaidia mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, kuanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways huko Nairobi mwaka wa 1929. Kiwanja kidogo cha Nairobi kinachoitwa Wilson mpaka leo kimechukua jina la mama huyo. Tom alikubali kumfundisha Beryl kwenye ndege aina ya Gipsy Moth.

Inafaa kusema kidogo juu ya ndege ile, maana leo mtu akisikia neno ndege anawaza chuma kikubwa. Gipsy Moth ilikuwa mbao na kitambaa. Mifupa yake ilikuwa ya mbao nyepesi iliyounganishwa kwa gundi. Juu yake kilivutwa kitambaa, kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngoma. Mabawa yalikuwa manne, mawili juu na mawili chini, yakishikana kwa nguzo fupi na nyaya. Mabawa yale yangeweza kukunjwa nyuma ndege ikaingizwa kwenye ghala. Moteri ilikuwa ya silinda nne, nguvu za farasi 100, ikipozwa na upepo tu. Viti vilikuwa viwili, kimoja mbele ya kingine, bila paa, na mwalimu alizungumza na mwanafunzi kwa mpira wa kupitisha sauti.

Fundi seremala wa Kabambare angeielewa mashini ile kwa siku chache. Na kweli, miaka ileile kule Ufaransa, Henri Mignet alijiundia ndege ndogo kwa mikono yake, ikaruka mwaka wa 1933, na akaandika kitabu cha kufundisha watu wa kawaida wajitengenezee za kwao nyumbani. Wengi walijaribu. Kisha baadhi yao walikufa, kwa sababu mabawa yake mawili yalikuwa na kasoro: ndege ikiinamisha pua sana, haikukubali kuinuka tena. Serikali zikaizuia. Mbao na kitambaa vinaeleweka upesi, lakini hewa inachukua muda.

Shida ya kwanza ya Gipsy Moth haikuwa angani hata hivyo. Ilikuwa chini. Ndege za leo nyingi zina gurudumu moja mbele, chini ya pua, na mbili nyuma yake. Za wakati ule zilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele, na nyuma kabisa, chini ya mkia, kijiti cha kuburuta au kigurudumu kidogo. Kwa hiyo ikiwa chini inakaa kama mbwa aliyekalia mkia: pua juu, mkia chini. Rubani aliyekaa ndani anaona moteri na mbingu. Mbele yake haoni kitu. Ili aende mpaka mwisho wa kiwanja lazima apindepinde, mara kushoto, mara kuume, achungulie pembeni, asije akagonga mtu au ng'ombe au ndege nyingine.

Halafu kuna jambo la uzito. Mtu aliyewahi kusukuma pusipusi yenye mzigo anajua: ukiivuta inakufuata sawa, lakini ukiisukuma inatafuta kugeuka kando. Ndege ya mkia chini ndivyo ilivyo. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, basi ikienda mbio na pua ikapotoka kidogo tu, uzito ule wa nyuma unataka kupita mbele. Rubani asipokanyaga upesi vibao vya miguu vinavyogeuza usukani wa mkia, ndege inazunguka kama kuku aliyechinjwa, bawa linagusa ardhi, nguzo zinavunjika. Akikanyaga sana, inapotoka upande wa pili. Gipsy Moth haikuwa na fre. Miguu tu, na kichwa kisichochelewa. Marubani wa ndege hizi wanasema mpaka leo kwamba safari haijaisha hadi moteri izimwe na ndege ifungwe kamba.

Tom alikuwa mwalimu wa kunyamaza. Aliamini mwanafunzi ajifunze kwa mwili wake kabla ya kujifunza kwa saa na mishale iliyo mbele ya kiti. Siku moja walielekea milima ya Ngong, karibu na Nairobi, Beryl akishika usukani. Kilima kinakaribia, ndege haipandi. Beryl anavuta usukani, anaongeza moteri, ndege haipandi bado, maana upepo unaovuka mlima ule hushuka kwa nguvu upande wa pili na kuibonyeza ndege chini. Tom alimwacha aone kosa lake mpaka karibu mwisho kabisa, ndipo akachukua usukani na kugeuza. Beryl hakusahau tena upepo wa kushuka milimani. Kwenye milima ya Kivu na Maniema marubani wengi wamekutana na upepo wa namna hiyo, na si wote waliopata nafasi ya pili.

Kifo kilikuwa karibu na kazi ile tangu mwanzo. Mwaka wa 1928, Maia Carbery, mwanamke aliyekuwa rubani Kenya kabla ya Beryl, alianguka karibu na Nairobi akimfundisha kijana, wakafa wote wawili. Mwezi wa tano 1931 ikawa zamu ya Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri na rafiki mkubwa wa Beryl, aliyekuwa amenunua Gipsy Moth yake. Alimwomba Beryl waende pamoja Voi kutafuta tembo kutoka angani. Tom alimsihi Beryl asiende siku ile, bila kutoa sababu ya wazi, na Beryl akasikia. Tarehe 14 Mei, mara tu baada ya kuruka kutoka Voi, ndege ya Denys ilianguka ikawaka moto. Denys alikufa pamoja na mfanyakazi wake Kamau. Vitabu vingi vya wazungu vinasimulia kifo cha Denys kwa kurasa nyingi, na Kamau anapata mstari mmoja.

Mtu mwingine angeacha. Beryl miezi miwili baadaye, Julai 1931, alipata permi ya kwanza, ile ya kuruka bila kulipwa. Mwaka uliofuata alikuwa na ndege yake, Avro Avian, ndogo, ya mbao na kitambaa, mkia chini vilevile, na aliiendesha peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza. Mwaka wa 1933 akapata permi ya pili, iliyomruhusu kubeba watu na mizigo kwa malipo.

Permi hiyo ya pili haikutolewa kwa kujua kuruka tu. Mtahiniwa aliulizwa juu ya moteri, na Beryl alipaswa kujifunza kuifungua, kusafisha vitundu vinavyopitisha esansi, kubadilisha vichujio na kuirudisha ifanye kazi. Mwanamke wa ukoo wa kikoloni mwenye mafuta meusi mpaka viwiko haikuwa picha iliyozoeleka Nairobi. Yeye mwenyewe hakujali. Alijua kwamba kule alikokwenda hakutakuwa na mekanisye wa kumngoja.

Maana kazi yenyewe ilikuwa hivi. Esansi ilisafiri kwa pipa na mikebe, juu ya lori, kwenye jua na mvua, na ndani yake mlikuwa maji na kutu. Tone moja la maji likifika kwenye moteri, moteri inakohoa na kuzima. Kwa hiyo kila lita ilimiminwa polepole kupitia ngozi laini inayopitisha esansi na kuzuia maji. Kisha buji zinatolewa moja moja, zinatazamwa: nyeusi sana, esansi inazidi; nyeupe sana, moteri inachemka. Kitambaa cha mabawa kinapitishwa mkono kutafuta mpasuko, kwa sababu mpasuko wa kidole angani unakuwa wa mkono mzima. Nyaya zinavutwa kusikia kama mmoja umelegea. Mbao zinagongwa kusikia kama gundi imeachia kwa joto. Usiku ndege inafungwa chini kwa kamba, na mtu analala karibu, maana fisi hutafuna matairi. Asubuhi mtu mmoja anasimama mbele kuzungusha elisi kwa mkono mpaka moteri iwake, na hapo anaruka nyuma haraka asikatwe.

Kazi hizo za chini hakuzifanya peke yake, na hapa ndipo jina la arap Ruta linarudi. Mtoto yule waliyecheza naye Njoro alikuwa amefanya naye kazi kwenye farasi miaka yote, na Beryl alipohama kutoka farasi kwenda ndege, arap Ruta alihama naye. Alijifunza mashini ile kama alivyojifunza wanyama: kuiosha, kuijaza, kuikagua, kujua ikiwa sawa na ikiwa si sawa. Beryl mwenyewe, kwenye kitabu alichoandika baadaye, anamheshimu sana na kumsimulia kama rafiki. Lakini kuna jambo ambalo kitabu hakilisemi kwa nguvu. Kwenye Kenya ya ukoloni ya miaka ile, Mwafrika alikaribishwa kuishika ndege na kitambaa cha kufutia, si kukaa kwenye kiti cha rubani. Watu wawili walikua pamoja, waliwinda pamoja, walijifunza moteri pamoja. Mmoja alipata permi mbili. Mwingine alibaki chini akingoja kusikia sauti ikirudi.

Malipo ya Beryl yalitoka popote. Alibeba barua, abiria, dawa, waganga. Alibeba pia habari kwa wawindaji matajiri: aliruka juu ya pori la Ukambani, akatafuta tembo wenye pembe ndefu, akawaambia Bror Blixen na wageni wake mahali walipo. Kazi hiyo ililipa vizuri kuliko zote, lakini leo ni vigumu kuisifu. Mnyama aliyejificha kwenye miiba hana ujanja dhidi ya mtu anayemtazama kutoka juu. Ilikuwa pia hatari kwa Beryl mwenyewe: moteri ikizima juu ya miiba ile, hakuna pa kutua.

Safari nyingine zilikuwa za kuokoa. Rubani mmoja wa Wilson Airways alipotea upande wa Serengeti, ndege yake ikiwa imeharibika, na Beryl ndiye aliyemwona, akatua na kumtoa. Na katikati ya mwaka 1935 ulifika ujumbe kutoka Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu upande wa Tanganyika karibu na ziwa Victoria. Mchimbaji mmoja mapafu yalikuwa yamekwisha, daktari wa kule aliomba chupa ya hewa ya oksijeni. Beryl aliifunga kwenye kiti cha pili cha Avian na kuondoka Nairobi usiku, bila redio na bila taa za njiani. Kule Nungwe watu waliwasha moto wa matambara yenye mafuta kumwonyesha kiwanja, ambacho kilikuwa pori lililofyekwa tu. Kwa watu wa Salamabila hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu. Wachimbaji, vumbi la mawe kifuani, hospitali ya mbali, barabara isiyopitika: ni maisha wanayoyajua.

Mwaka wa 1936 alikuwa Uingereza, akitafuta kazi kubwa zaidi. John Carbery, mume wa yule marehemu Maia, alikuwa ameagiza ndege mpya kwenye kiwanda cha Percival, aina ya Vega Gull, moteri ya silinda sita na nguvu za farasi 200. Alimpa Beryl changamoto: achukue ndege hiyo avuke Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo, kisha airudishe kwa wakati ili Carbery aingie nayo kwenye mashindano. Wanaume kadhaa walikuwa wamekufa wakijaribu njia hiyo, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameivuka peke yake upande huo.

Kiwanda kiliongeza matangi ya esansi ndani ya kibanda mpaka rubani akabaki na nafasi ya kukaa tu. Redio haikuwamo. Matangi ya ziada hayakuwa na kipimo. Kilichokuwapo ni maandishi ubavuni yaliyosema kila tangi linatosha saa ngapi, na mfereji wa kufungua kwa mkono. Kanuni ilikuwa kwamba tangi liishe kabisa, moteri izime, ndipo ufungue lingine. Ni rahisi kusema ukiwa chini na jua linawaka.

Tarehe 4 Septemba 1936, karibu saa mbili ya usiku, aliondoka kwenye kiwanja cha jeshi cha Abingdon. Upepo wa kinyume, mvua, giza. Katikati ya bahari moteri ikazima, kama kanuni ilivyosema. Ndege ikaanza kushuka. Beryl akatafuta mfereji gizani kwa tochi na vidole, akaupata, akaufungua, akangoja. Ndege iliendelea kushuka mpaka maji yakawa karibu sana, ndipo moteri ikawaka. Yule aliyefungua na kufunga moteri Nairobi alijua kwamba esansi inahitaji muda kufika, na kwamba mikono haipaswi kufanya kitu kingine katika muda huo.

Asubuhi aliona nchi kavu, pwani ya Canada. Alikuwa kwenye tangi la mwisho, lililopaswa kumfikisha. Lakini moteri ikaanza kukohoa. Safari hii haukuwa mfereji. Barafu ilikuwa imeziba tundu dogo ambalo tangi hupumulia hewa, na tangi lisilopumua halitoi esansi hata kama limejaa. Alipambana nayo, ikikohoa na kuwaka tena, akatafuta mahali tambarare, akashuka. Kile alichokiona kama uwanja kilikuwa bwawa la matope na mawe, mahali panapoitwa Baleine, kwenye kisiwa cha Cape Breton. Magurudumu yakazama, pua ikaingia matopeni, mkia ukabaki juu. Beryl aligonga kichwa kwenye kioo, akatoka na damu usoni, akakutana na wavuvi. Alikuwa angani saa 21 na dakika 25. Hakufika New York kama alivyopanga, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake bila kutua kutoka mashariki kwenda magharibi. New York ilimpokea kwa maandamano ya magari.

Furaha ile ilidumu majuma mawili. Tarehe 19 Septemba, kwenye kiwanja cha Speke, Liverpool, Tom Campbell Black alikuwa ndani ya ndege yake ndogo, chini, akijiandaa kwa mashindano yaleyale. Ndege ya jeshi iliyokuwa imetoka kutua ilikuja ikitembea ardhini, pua juu, mkia chini. Rubani wake hakumwona. Elisi ilikata ndege ya Tom na kumwua. Mtu aliyefundisha wengine kupindapinda na kuchungulia aliuawa na mwingine ambaye hakuona mbele ya pua yake.

Ile Vega Gull nayo haikuwa na mwisho mzuri. Kwa maelezo ya Beryl kitabuni, Carbery aliiuza kwa tajiri mmoja aliyejua kuiendesha lakini hakujua kuitunza, akaiacha kwenye kiwanja cha Dar es Salaam, kwenye joto la unyevu na hewa ya chumvi, mpaka moteri ikaliwa na kutu.

Baada ya hapo Beryl karibu aiache kazi ya ndege. Alikwenda Marekani, na mwaka wa 1942 alitoa kitabu chake, West with the Night. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na wapo wanaosema yeye ndiye aliyekiandika au kukinyoosha. Ubishi huo haujaisha. Lakini yeyote aliyeshika kalamu, mambo ya moteri na matangi yaliyomo yalitoka kwa mtu aliyeyashika kwa mikono. Kitabu kilitokea wakati wa vita, hakikuuzwa sana, kikasahauliwa.

Alirudi Kenya na kurudia kazi ya ujana wake. Farasi alizofundisha zilishinda mashindano makubwa ya Derby ya Kenya mara sita. Uzeeni alikaa kwenye nyumba ndogo kando ya uwanja wa mashindano ya farasi, Nairobi, bila pesa nyingi, akiwahi kuvamiwa na wezi na kupigwa. Mwaka wa 1983 kampuni moja ya California ilichapisha kitabu chake upya, na safari hii watu walikinunua kwa wingi. Pesa zikaanza kuingia kwa mama mwenye miaka 80.

Alikufa tarehe 3 Agosti 1986, umebaki mwezi mmoja tu kutimia miaka 50 tangu aondoke Abingdon.